Mambo Yaliyosalia ya Mfalme Uzia

Jumatano moja jioni, darasa letu la Biblia lilipofika kitabu cha pili cha Wafalme sura ya 15, bibi mmoja ambaye kwa kawaida husikiliza huku akifuma kofia za wajukuu wake aliweka sindano chini akaniuliza, "Mwalimu, huyu Azaria kosa lake lilikuwa nini?" Niliisoma tena sehemu hiyo kwa sauti. Azaria alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52, akafanya yaliyo mema machoni pa Bwana, ila mahali pa juu ambapo watu walitolea dhabihu hapakuondolewa. Kisha, pasipo neno lolote la kueleza, Bwana akampiga, akawa mwenye ukoma hadi siku ya kufa kwake, akakaa katika nyumba ya peke yake huku mwanawe Yothamu akiamua mambo ya watu. Aya saba tu, na mtawala wa zaidi ya nusu karne amekwisha kuzikwa. Nilijibu, kwa ule ujasiri wa mwalimu asiyejua, kwamba bila shaka ni kwa sababu ya mahali pa juu. Bibi akatikisa kichwa. "Baba yake naye hakupaondoa, na babu yake pia, si tumesoma juzi? Mbona wao hawakupata ukoma?" Akaziokota sindano zake, na darasa zima likanitazama mimi.

Wakati huo nilikuwa nimestaafu miaka miwili nyuma, baada ya kufundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 28, na wazee wa usharika walinipa darasa hilo kwa hoja kwamba mtu aliyezoea wafalme na tarehe hawezi kupotea katika Agano la Kale. Nilipotea. Usiku ule nilifuata rejea ndogo zilizochapwa katika Biblia yangu, zikanifikisha kwenye kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 26, ambacho, niseme ukweli, nilikuwa nimekikwepa maisha yangu yote kwa sababu sura tisa zinazofungua masimulizi yake katika kitabu cha kwanza, kuanzia Adamu, ni majina juu ya majina. Huko mfalme yule yule anaitwa Uzia, na badala ya aya saba amepewa sura nzima.

Uzia wa Nyakati ni mtu unayeweza kumwona. Anajenga minara Yerusalemu na nyikani, anachimba visima kwa kuwa ana ng'ombe wengi, ana wakulima na watunza mizabibu kwa sababu, mwandishi anasema, alipenda kilimo. Juu ya kuta anaweka mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Kisha nguvu zinampanda kichwani. Anaingia hekaluni kufukiza uvumba juu ya madhabahu, kazi ambayo haikuwa yake, na kuhani aitwaye Azaria anaingia nyuma yake pamoja na makuhani wengine 80, ambao mwandishi anawaita mashujaa, wanamwambia usoni kwamba uvumba ni wa wana wa Haruni waliowekwa wakfu, na kwamba atoke. Mfalme anakasirika, chetezo kiko mkononi mwake, na papo hapo ukoma unamtokea katika kipaji cha uso. Nilisimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu nilikumbuka kwamba katika kitabu cha Kutoka kuhani mkuu anavishwa bamba la dhahabu safi lililochorwa maneno ya utakatifu kwa Bwana, na bamba hilo hukaa juu ya kipaji cha uso. Mwandishi hasemi lolote juu ya bamba. Lakini alijua alikokuwa anaupeleka ugonjwa huo, na wasomaji wake, kama walikuwa watu wa hekaluni kama ninavyodhani, walijua pia.

Kilichonitia aibu si kwamba sikuijua sura hiyo. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wa kidato cha tano habari za Kilwa, na kila mwaka niliwaeleza kwamba orodha ya masultani wake imetufikia kwa njia mbili, andiko la Kiarabu na muhtasari wa Kireno uliochapwa mwaka 1552 katika kazi ya João de Barros, na kwamba mbili hizo hazikubaliani katika majina wala katika miaka. Nikawafundisha kuuliza nani aliandika, alimwandikia nani, na alitaka nini kibaki vichwani. Darasani niliuliza hivyo bila kuchoka. Kanisani nilikuwa nimeacha maswali hayo mlangoni pamoja na mwavuli. Na lugha yetu yenyewe ilikuwa imenipa dokezo ambalo sikulisikia: Biblia ya Kiswahili inapotaja kumbukumbu za kifalme inasema "kitabu cha tarehe cha wafalme wa Yuda", ikitumia neno tarehe kwa maana ile ya zamani, yaani historia iliyoandikwa mfululizo, maana ile ile ambayo watu wa pwani walikuwa nayo walipoziita habari za masultani wao Tarehe ya Pate.

Nilinunua kaunta buku, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa kuanzia juu hadi chini, upande wa kushoto Wafalme, upande wa kulia Nyakati. Kazi hiyo ilinichukua karibu miezi minane, nikiifanya baada ya chakula cha jioni, na sijapata kufurahia kazi ya kuandika namna ile.

Ukurasa uliochafuka kwa wino kuliko yote ni ule wa Yoashi. Katika Wafalme, malkia Athalia anapowaua wana wa ukoo wa kifalme, mtoto mchanga Yoashi anafichwa hekaluni kwa miaka sita, na kuhani Yehoyada anawaita makamanda wa Wakari, askari wa kukodiwa, na wa walinzi, anawaingiza katika nyumba ya Bwana, anawaonyesha mtoto, nao wanampindua malkia. Katika Nyakati mapinduzi ni yale yale, lakini mwandishi amekumbuka kwamba askari wa kukodiwa hawaruhusiwi kukanyaga patakatifu. Kwa hiyo Walawi wanakusanywa kutoka miji yote ya Yuda, inaamriwa kwamba asiingie ndani mtu yeyote isipokuwa makuhani na Walawi wahudumu, na wanaomzunguka mfalme mdogo kwa silaha ni Walawi. Wakari wametoweka. Sidhani kwamba mwandishi aliona anadanganya. Kwake yeye jambo kama lile lisingeweza kutendeka kwa namna nyingine, na aliyaandika yaliyopita kwa kufuata sheria alizozijua yeye.

Halafu kuna kisa cha sanduku, ambacho nakipenda kuliko vyote kwa sababu kila aliyewahi kukaa katika kamati ya ujenzi atakitambua. Wafalme wanasema kwamba Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuzitumia kuziba mahali palipobomoka hekaluni, na kwamba hadi mwaka wa 23 wa kutawala kwake hakuna ufa uliokuwa umezibwa. Mfalme akamwita Yehoyada na makuhani wenzake, akawauliza sababu, akawakataza kupokea fedha zaidi. Basi Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume wa mtu anayeingia. Fedha zilipojaa, alipanda mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakazihesabu kwa pamoja, wakazifunga mifukoni, wakawakabidhi mafundi. Mtu wa ikulu na mtu wa hekalu, mbele ya sanduku moja, kila mmoja akiangalia vidole vya mwenzake! Katika Nyakati sanduku lipo pia, ila limewekwa nje langoni, walioambiwa wafanye haraka wakachelewa ni Walawi, na watu wanachanga kwa furaha. Upande mmoja unasema fedha hizo hazikutumika kutengeneza vyombo vya fedha vya hekalu; upande wa pili unasema zilizobaki zilitengenezewa vyombo vya fedha na dhahabu. Nilipowasomea darasa aya hizo mbili, fundi seremala wetu alicheka hadi akafuta machozi, akasema wote wawili wanasema kweli, inategemea umekwenda kuuliza mwezi gani.

Mwisho wa Yoashi ndio ulionifanya niwaite wenzangu tukae siku ya ziada. Wafalme wanaeleza kwa ufupi kwamba watumishi wake walikula njama wakamwua, akazikwa pamoja na baba zake katika mji wa Daudi. Nyakati ina sababu, na sababu ni nzito. Yehoyada alipofariki akiwa na umri wa miaka 130, mfalme akawasikiliza wakuu wa Yuda, wakaiacha nyumba ya Bwana. Zekaria mwana wa Yehoyada akasimama kuwakemea, naye kwa amri ya mfalme akapigwa mawe katika ua wa hekalu lile lile ambamo baba yake alimficha na kumlea mfalme. Watumishi walimwua Yoashi kitandani kwa ajili ya damu hiyo. Sasa tazama makaburi: Yehoyada kuhani anazikwa katika mji wa Daudi pamoja na wafalme, na Yoashi mfalme hazikwi katika makaburi ya wafalme. Kuhani amelala mahali pa mfalme. Kwa mwandishi wa Nyakati hukumu ya mtu mara nyingi iko kaburini kwake, na ndivyo ilivyo hata kwa Uzia, ambaye Wafalme wanamlaza na baba zake bila maelezo, ilhali Nyakati inasema alizikwa katika uwanja wa maziko wa wafalme kwa kuwa watu walisema, "Ana ukoma." Lipo bamba dogo la jiwe, lililotambuliwa mwaka 1931 katika mkusanyiko wa vitu vya kale vya monasteri ya Kirusi kwenye Mlima wa Mizeituni, lenye maandishi ya Kiaramu ya karne nyingi baada ya mfalme huyo, yasemayo kwamba mifupa ya Uzia mfalme wa Yuda ililetwa hapa, na kwamba pasifunguliwe. Mtu huyo hakupumzishwa hata kaburini.

Si kwamba Wafalme hawana upande. Wana upande, tena wa ukali. Karibu kila mfalme wa kaskazini hupimwa kwa kipimo kimoja, yaani kama alifuata au hakufuata dhambi ya Yeroboamu mwana wa Nebati aliyesimamisha ndama za dhahabu Betheli na Dani, na kipimo hicho hakina huruma: Zimri alitawala siku saba tu kabla ya kujichomea ndani ya jumba lake, na bado anaandikiwa kwamba alikwenda katika njia ya Yeroboamu. Katika siku saba mtu angeweza kuifuata njia ipi? Omri aliyemfuata, aliyeununua mlima wa Samaria na kuujenga kuwa mji mkuu, alikuwa mtu mkubwa kiasi kwamba Waashuri waliendelea kuiita nchi ile nyumba ya Omri muda mrefu baada ya kifo chake, na jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, lililopatikana mwaka 1868 huko Dhiban, linalalamika kwamba Omri aliitesa Moabu siku nyingi. Biblia inampa aya sita. Naye Ahabu mwanawe, ambaye kumbukumbu za Ashuri zinamtaja akipeleka magari 2,000 na askari 10,000 katika vita vya Qarqar mwaka 853 KK, hana hata neno moja juu ya vita hivyo katika Wafalme. Anakumbukwa kwa kulinyakua shamba la mizabibu la Nabothi. Mwandishi alijua kwamba anaacha mengi, na hakuficha. Karibu kila anapomfunga mfalme, anauliza swali lile lile: mambo yake yaliyosalia, je, hayakuandikwa katika kitabu cha tarehe? Ni kama kusema, mimi nimechagua, ukitaka mengine kayasome kule.

Nilichelewa kuelewa kwa nini waandishi wa vitabu hivyo viwili walichagua hivyo, na nilielewa siku nilipoandika kurasa za mwisho za safu zote mbili. Yerusalemu ulianguka mbele ya jeshi la Babeli mwaka 586 KK, hekalu likachomwa, na Wafalme ni kitabu cha watu waliokwisha kupoteza kila kitu wakirudi nyuma mfalme mmoja baada ya mwingine kutafuta ni wapi mambo yaliharibika. Wanampata Manase, aliyetawala miaka 55, na wanasema waziwazi kwamba kwa ajili ya dhambi zake Yuda iliondolewa. Kitabu kinaishia ugenini, mfalme Yehoyakini akitolewa gerezani mwaka wa 37 wa kuhamishwa kwake na kupewa chakula mezani pa mfalme wa Babeli. Hakuna ahadi yoyote. Kuna sahani ya chakula tu.

Wataalamu wengi wanaiweka Nyakati karne moja au mbili baadaye, wakati wa utawala wa Uajemi, hekalu likiwa limejengwa upya na kiti cha Daudi kikiwa hakina mtu. Waliokuwapo ni makuhani, waimbaji na mabawabu, na ndiyo maana kitabu kinahesabu Walawi 38,000 wa siku za Daudi, kati yao 4,000 wakiwa mabawabu na 4,000 waimbaji, na kuwapanga makuhani katika zamu 24. Orodha zile nilizokuwa nikizikwepa zilikuwa vyeti vya watu wanaotaka kujua wao ni nani na zamu yao ni lini. Hapo Manase naye anapelekwa Babeli kwa minyororo, anaomba, anarudishwa, anatengeneza madhabahu. Daudi hana kisa cha Bathsheba wala uasi wa Absalomu. Ana michoro ya hekalu. Na kitabu kinafungwa kwa tangazo la Koreshi linalowaruhusu watu kurudi, ambalo neno lake la mwisho katika Kiebrania ni moja tu, na tafsiri yetu ya zamani imelitoa vizuri: "na akwee". Rafiki yangu aliyesomea theolojia alinionyesha kwamba katika Biblia nyingi za Kiyahudi zinazochapwa Nyakati imewekwa mwisho kabisa, mbali na Wafalme ambao wako miongoni mwa vitabu vya Manabii, hata Maandiko yote ya Wayahudi yanamalizikia kwenye neno hilo la kupanda. Mapokeo yao ya Talmudi yanasema Yeremia ndiye aliyeandika Wafalme, nabii aliyeuona mji ukiungua, na kwamba Ezra, kuhani, alikuwa na mkono wake katika Nyakati. Hayo ni mapokeo, lakini nayaona yamewasoma waandishi hao kwa usahihi. Na waliovikusanya vitabu hivi hawakukifuta kimoja ili kingine kipate amani.

Ningeishia hapo kama usharika wetu usingetimiza miaka 50. Wazee waliniomba niandike kijitabu cha jubilei, nami nilifurahi, kwani daftari la vikao la miaka ya mwanzo lilikuwa kabatini ofisini. Ndani yake nilikuta habari za mabati. Wakati kanisa linajengwa, fedha za kuezekea zilichangwa kwa shida, wengine wakiuza mbuzi, na zaidi ya nusu yake haikuonekana. Hesabu haikuwahi kukamilika, aliyezitunza alihama usiku, kuta zikanyeshewa masika mawili. Niliandika kurasa tatu juu ya jambo hilo. Wazee walizisoma kimya, kisha mmoja wao akasema kwa upole kwamba watoto wa mtu yule wanaimba kwaya, kwamba jubilei ni ya kujenga, na kwamba si kila kilichotokea lazima kiandikwe. Sikuwa na la kumjibu, maana nilijua kitabu kizima cha Biblia kinachokubaliana naye. Nikazitoa kurasa tatu, nikaandika kwamba ujenzi ulichelewa kidogo kutokana na changamoto za fedha.

Rasimu nilimpa bibi wa sindano aisome kwanza. Alirudi nayo baada ya siku mbili. Baada ya shikamoo na marahaba aliketi, akafungua ukurasa wenyewe bila kutafuta. "Mwalimu," akasema, "umetuandikia Nyakati."

"Ndivyo walivyotaka wazee, bibi."

"Sikatai. Watoto wale ni wajukuu zangu wa kanisani, sitaki waaibishwe. Lakini mbuzi wangu alikuwemo katika mabati yale." Akakunja mikono mapajani, akasubiri, kama alivyosubiri siku ile ya Azaria.

Tulikubaliana juu ya sentensi moja, na wazee, baada ya kuijadili kwa dakika arobaini, waliipitisha. Inakuja mwishoni mwa sura ya ujenzi: mambo mengine yaliyosalia ya miaka hiyo yameandikwa katika daftari la vikao vya baraza la wazee. Watu wengi waliisoma wakaona ni mapambo ya kibiblia. Wachache walikuja ofisini kuuliza daftari liko wapi, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikuwa nimelifikiria nilipokuwa nikiisifu adabu ya mwandishi wa Wafalme: vile vitabu vya tarehe alivyokuwa akiwaelekeza wasomaji wake havipo, hata kimoja hakijatufikia. Nilikwenda kabatini siku hiyo hiyo. Mchwa walikuwa wameingilia pembe ya chini, wamekula jalada na wameanza kurasa za mwaka wa kwanza, ingawa za mabati zilikuwa bado nzima. Nimelileta nyumbani kwa idhini ya wazee, na sasa hivi nalinakili kwa mkono katika kaunta buku jipya, neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia ya karani. Nimefika ukurasa wa 41.